Ndege ya Uani kwa Bi Asha

Harufu ya mafuta ya makonyo haifichiki. Ukiyafungua chumbani, jirani anajua. Ukiyafungua ndani ya ndege, kule viti vya nyuma ambako magoti ya mtu yanagusa kiti cha mwenziwe, wanajua wote mpaka wahudumu. Mimi huyafungua. Kila nikipanda ndege kwenda China, saa ile taa za mikanda zimezimwa na watu wameanza kuvua viatu, natoa kichupa changu mfukoni, namimina tone kiganjani, nalichanganya na mafuta ya nazi, nakunja suruali na kuanza kujikanda magoti. Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, na mafuta yake yana moto kuliko karafuu yenyewe. Mtu wa kulia kwangu hugeuka. Wa kushoto hukunja pua kwanza, kisha huivuta tena ile harufu taratibu, kama anayejaribu kukumbuka jina la mtu. Wakiniuliza kwa ishara ni kitu gani, nawajibu, "Pemba," nao hutikisa vichwa kana kwamba wanapajua. Wengi wao, kabla hatujatua, wameshaninyooshea viganja na wao wapate tone.

Nataka tuelewane mapema. Mimi si mtu wa kukosa kiti cha mbele. Skuli niliiacha darasa la tano, kalamu na mimi hatukuwahi kupatana, na haya mnayoyasoma binti yangu amenisahihishia herufi tu, maneno ni yangu. Lakini ukiingia choo cha mtu kusini mwa Pemba ukakuta kigae kinang'aa mpaka unaona haya kukikanyaga, uliza kimetoka wapi, utatajiwa jina langu. Nina duka Mtambile, nina duka Mkoani, nina ghala Chake, na sikurithi hata moja. Nilianza kwa kubeba mizigo ya watu bandarini Mkoani kwa kichwa hiki hiki. Kwa hiyo kiti cha mbele nakiweza. Nimewahi hata kukikalia, siku moja walipokuta nyuma kumejaa wakanipandisha bila mimi kuomba. Kile si kiti, ni kitanda. Bakuli la chakula ni la udongo wa kweli, na udongo naujua. Nikajifunika shuka laini nikalala, na nilipoamka tumefika, sikumjua hata mtu mmoja jina lake. Nilishuka nikajiona kama mzigo uliofikishwa salama. Tangu siku hiyo mawakala wangu wa tikiti wanajua: mzee huyu mpe nyuma, kati kwa kati, na usimbishie.

Nyuma ndiko nilikosomea mimi. Skuli yangu ya jambo hilo ilikuwa uani kwa Bi Asha, pale Mtambile, msimu mmoja wa karafuu nikiwa mtoto. Aliyenifundisha ni bibi yangu mzaa mama, Bi Mize, ambaye mpaka msimu ule ndege alikuwa akiiona ikipita juu tu, akaweka kiganja usoni kukinga jua, akasema, "Wamo watu mle, masikini," akarudi kwenye kazi yake.

Mama yangu aliolewa Msuka, huko kaskazini kabisa, na mimi niliachwa kwa Bibi kama watoto wengi wa kwetu wanavyoachwa kwa bibi zao. Aliniita mume wangu. Ukisikia "Mume wangu, kalete maji," ujue natakiwa mimi, na nilikuwa nikijibu kwa sauti nzito ili majirani wasikie. Msimu ule karafuu zilizaa mpaka matawi yakakatika. Kila ua ulikuwa na majamvi, kila jamvi lina karafuu, asubuhi zimeiva kwa rangi ya kijani na wekundu, jioni zimeanza kuwa za kahawia, na ukipita njiani macho yanawasha kwa ukali wa harufu. Vidole vyetu sote vilikuwa vyeusi kwa kuchambua. Hata mkate ulikuwa na ladha ya karafuu, hata maji ya mtungi, hata nywele za watoto. Kwa miguu ya Bibi ulikuwa msimu mbaya, kwa kuwa kazi ya kuchambua ni ya kukaa chini, na goti lake la kulia lilikuwa limeshaanza kumkatalia. Akikaa sana lilikuwa likigoma. Ilibidi nimshike mkono, naye ajivute kidogo kidogo huku akilitukana goti lile kwa jina la mtu mmoja aliyewahi kumposa.

Kati ya msimu ule ikaja kaseti. Enzi zile mtu wa mbali hakuandika barua kama ana mengi ya kusema, alijirekodi. Aliyejirekodi ni mama mdogo Salma, kitinda mimba wa Bibi, aliyeolewa na baharia wa kwetu aliyehamia Uingereza. Tulikaa barazani, Mjomba Faki akaiweka kaseti kwenye redio, na sauti ya Salma ikatoka, ikisalimia kila mtu kwa jina mpaka kuku. Kisha akasema ni mjamzito tena. Hapo pakawa na vigelegele. Vilipotulia tukamsikia anaendelea, kwa sauti ya chini kama mtu aliyeugeukia ukuta. Mtoto wa kwanza alimzaa huko peke yake, mume yuko baharini. Alirudi nyumbani kutoka hospitali akapika mwenyewe, akafua mwenyewe, hakuna wa kumkanda, hakuna wa kumfunga tumbo, hakuna wa kumkorogea uji wa pilipili manga, akaumwa mpaka akadhani hatapona. Nchi nzima ile, akasema, haina mtu anayejua arubaini ni kitu gani. "Mama, mara ile nilijikanda mwenyewe," tukasikia. "Mgongo haufikiki." Halafu akasema kuwa mumewe ameshapata tikiti ya mama, aje, akae naye arubaini yote.

Kwa asiyejua: kwetu mzazi halali peke yake. Mwanamke akijifungua, mama yake humkalia siku arubaini. Humkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, humfunga tumbo kwa mkaja, ule utepe mrefu wa kitambaa, humlisha vya moto, na mzazi kazi yake ni kunyonyesha na kulala. Mama anayeshindwa kwenda kwa mwanawe hata kama ana udhuru wa kweli, hujiona amemtupa. Bibi alifungua sanduku lake siku ile ile, akatoa mkaja mpya wa marikani aliokuwa ameuweka, akaukunja vizuri juu ya mto. Sote tuliona kuwa mkaja umeshafunga safari.

Aliyezuia ni kaka yake, Babu Khatib. Mkisikia mzee amezuia safari msimfikirie vibaya. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mpole kwa watoto, ila akishasema jambo halirudi, na katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyevuka maji bila neno lake. Yeye aliwahi kupanda meli pamoja na Bibi kwenda Unguja, na goti likagoma njiani. Bibi alilala kwenye sakafu ya meli miguuni mwa watu, na kumteremsha gatini Babu Khatib akahitaji mabaharia. Alikuwa hajaisahau aibu ile wala uchungu wa dada yake. Akauliza, meli ina sakafu ya kulala, hiyo ndege inayo? Mjomba Faki akasema haina. Mtu anaruhusiwa kusimama? Kidogo. Anakaa kwa muda gani? Mjomba akasema tangu jua kutoka mpaka kuzama, na bado. "Basi hawezi," Babu Khatib akasema. "Mtamtoa mle kama gogo, na Salma atakuwa na wagonjwa wawili." Bibi alikuwa akichambua karafuu. Hakuinua uso. Alisema tu, "Kaka, niangalie nikikaa, ndiyo useme."

Sasa Mjomba Faki. Huyu ndiye mtu pekee katika mtaa wetu aliyewahi kupanda ndege, kwenda Maskati kutafuta kazi na kurudi bila kazi, na tangu arudi alikuwa akitembea na kijiko cha plastiki cha ndege kwenye mfuko wa shati, kinachungulia kama kalamu ya karani. Watu walikuwa wakimcheka. Siku ile hawakumcheka. Alisema ndege ataiunda yeye, uani kwetu, Bibi apande, kaka yake aone kwa macho yake. Skuli ilikuwa imefungwa kwa ajili ya karafuu, akaenda kuomba viti, vile vya mbao vyenye mgongo ulionyooka kama ukuta. Akavipanga safu kwa safu kando ya jamvi, akavifunga kwa kamba ya usumba visisogee, akapima nafasi kwa kukaa na kusimama, kukaa na kusimama, mpaka aliporidhika kuwa magoti yake yanaumia vile vile kama yalivyoumia angani. Pembeni akazungushia jamvi kuukuu kuwa choo, kidogo kiasi kwamba ukiingia umeelekea mbele ilibidi utoke kwa kurudi nyuma. Mkanda haukupatikana. Bibi akaenda ndani, akarudi na mkaja wa Salma, akasema ufungwe huo.

Tuliketi hivi: mimi kando ya ukuta, Bibi katikati, na upande wa njia jirani yetu Bi Asha, mjane mnene, mwenye ulimi wa kukata na moyo wa kulea. Watoto wa mtaa wakajaa safu za nyuma. Mjomba Faki akapita na siniya, akigawa muhogo kwenye vifuniko vya makopo, kila mtu kipande, na Bi Asha akauliza kama hiyo ndege ya Uingereza au ya waliofungwa jela. Mjomba akamjibu kwa heshima zote kuwa chakula cha angani hakishibishi, kinapoteza muda. Bi Asha akasema basi ampe viwili, ana muda mwingi.

Jaribio la kwanza liliharibika, na goti halikuwa na hatia. Uani kwa mtu wa Pemba wakati wa karafuu hapakosi mgeni. Mtu akabisha hodi, Bibi akaufungua mkaja, akasimama, akampa mkono, akamuuliza hali yake, ya mkewe, ya mama yake, ya mwana aliyekuwa na homa, akamkaribisha, akarudi kukaa. Akaja mwingine, ikawa vivyo hivyo. Mjomba Faki akalia naye: mama, ndege ikishapaa hakuna kusimamia wageni. Bibi akamwambia nitakaaje mie mtu amesimama mlangoni kwangu, Faki, nilikulea hivyo? Akaahidi kuwa atakaa. Baadaye kidogo akaingia kijana mmoja kuleta salamu kutoka Mkoani, Bibi akamtazama usoni, akajua hajala, na kufumba na kufumbua kiti cha katikati kitupu, mkaja umening'inia, yeye yuko jikoni anapuliza moto. Hapo ndipo alipoingia Babu Khatib. Alitazama viti, alinitazama mimi, akausikia upawa ukigonga sufuria. "Hii ndege imeshaanguka," akasema, akageuza kwenda zake.

Usiku wa siku ile nyumba ilikuwa nzito. Bibi hakula. Asubuhi Bi Asha akaja akiwa amejitanda kanga, hakukaa, akasema amefikiri na amepata ubovu uliko. Mize hawezi kukaa kitako uani kwake kwa kuwa hapo yeye ni mwenyeji. Hata mkimfunga kwa minyororo atasimama. "Ndege si yake," akasema Bi Asha. "Mle yeye mgeni. Ileteni kwangu." Na kweli, mtu akiwa mgeni kwetu hana ruhusa hata ya kuinua kikombe, akijaribu kusimama anakalishwa. Tukaibeba ndege, kiti kwa kiti, mpaka uani kwa Bi Asha, hatua chache tu, na watoto wakipiga ukelele wa mashine njia nzima. Mimi nilibeba kiti cha Bibi na sikukubali mtu anisaidie.

Babu Khatib alikubali kuja tena kwa sharti kwamba hii ndiyo ya mwisho. Mjomba Faki akamwambia ndani ya ndege hakuna anayesimama kutazama, kila mtu ana kiti, akamkalisha safu ya mbele yetu, na akamweleza kuwa mtu wa mbele huegemea nyuma, ndiyo desturi yao. Babu akaegemea, na mgongo wa kiti chake ukaja juu ya magoti yetu. Tukapaa. Wageni walikuja, wakapokewa na Bi Asha kwa mdomo bila kusimama, akiwaonyesha kwa kidevu wapi kuna maji, na Bibi kila mara mabega yake yalikuwa yakipanda kidogo kutaka kunyanyuka, kisha yakashuka. Alikuwa ameushika mkaja kwa mikono miwili. Ilipoadhiniwa adhuhuri Mjomba akatangaza kuwa ndege imetua Arabuni kutia mafuta, watu wakasali, kisha akaturudisha vitini haraka haraka, na safari ya pili ikaanza, ile ndefu.

Jua lilikuwa limehamia upande wetu. Karafuu kwenye majamvi ya Bi Asha zilikuwa zikitoa harufu mpaka koo inakauka. Mbao za kile kiti nazikumbuka mpaka leo, nina alama zake. Watoto wa safu za nyuma walikuwa wameshatoroka mmoja mmoja. Nikamtazama Bibi, nikaona uso wake umekuwa wa rangi nyingine, na chozi limesimama pembeni ya jicho bila kushuka. Goti lilikuwa limegoma. Bi Asha naye akaliona. Akamwinamia na kumnong'oneza, "Mize, ukilia sasa watatugeuza, na mie sijafika Uingereza bado," na Bibi akacheka bila sauti, chozi likashuka kwa kicheko kile. Kisha akaniambia, "Mume wangu, nikandie." Nikatoa kichupa cha mafuta ya makonyo, nikaingiza mkono pale padogo kati ya goti lake na mgongo wa kiti cha Babu Khatib, nikakanda. Yeye akatoa tasbihi. Kila punje moja akikandamiza kisigino chini, punje nyingine akiinua vidole vya mguu, kisigino, vidole, kisigino, vidole, taratibu kama mtu anayeshona kwa cherehani ya miguu. Midomo ilikuwa ikienda. Nilikuwa karibu naye sana, nikasikia. Anamtaja Mungu, na kila baada ya kumtaja mara kadhaa anatia maneno mengine katikati, kwa sauti ile ile: mgongo haufikiki. Anarudi kwa Mungu. Mgongo haufikiki.

Babu Khatib alikuwa ameegemea, kisogo chake karibu kabisa na midomo ile. Na yeye alikuwa na hali yake, maana mzee yule alikuwa mkavu, kiti cha skuli kilikuwa kikimla mifupa, na tangu adhuhuri nilikuwa nikimwona akihamisha uzito huku na huku. Tulimsikia akivuta pumzi. Akajishika kiuno, akanyanyuka kwa shida, mgongo haujanyooka, mtu mzima wa kwanza kusimama tangu tupae tena. Babu Khatib akageuka, akamtazama dada yake aliyekuwa bado amekaa, kisigino, vidole, na mkaja tumboni.

"Faki," akasema, "teremsha ndege." Kisha akasema, "Mize, nenda. Mie nimeshindwa, wewe umekaa."

Kesho yake alileta mwenyewe chupa ya asali na kopo la samli kwa ajili ya mzazi, akaviweka mlangoni, akaondoka kabla hajakaribishwa. Baada yake wakaja wengine, maana kwetu msafiri hubebeshwa na mtaa mzima: pilipili manga, bizari, pweza mkavu, mikate ya mofa iliyofungwa kwa kitambaa. Tulimsindikiza mpaka Mkoani. Mjomba Faki alimpa kile kijiko cha plastiki, kwa heshima, kama mtu anayekabidhi upanga. Bibi akaninusisha viganja vyake, makonyo matupu, akaniambia niangalie nyumba, mimi ndiye mwanamume. Nikamjibu kwa sauti nzito, kisha nikakimbilia nyuma ya magunia ya karafuu.

Yaliyotokea angani alitusimulia aliporudi, na aliyasimulia mpaka anakufa, kila mara yakiongezeka kidogo. Alipoingia tu ndani ya ndege alitoa salamu kwa safu ya kwanza, akauliza hali, akasubiri jibu, akaenda safu ya pili, akauliza hali, na nyuma yake watu wakajaa mpaka ngazini, ikabidi mhudumu amshike mkono ampeleke kitini akiwa bado anageuka kuwasalimia aliowaruka. Mkanda wa ndege aliufunga, lakini hakuuamini, akafunga mkaja juu yake. Mkate wa mofa aliukata akawagawia wa kulia na wa kushoto, kwa kuwa hakuona vipi mtu atatafuna na mwenzie anamtazama. Wa kushoto alikuwa mama wa kizungu, mkubwa, miguu imemvimba. Bibi alipojikanda goti, yule mama akaitazama sana ile chupa. Hawakuwa na neno hata moja la kuelewana. Bibi akampakata mguu ule mkubwa mapajani mwake, akaukanda mpaka mwenyewe akasinzia. Alisema goti lake halikupata nafasi ya kugoma, lilikuwa na mgonjwa. Alishuka kwa miguu yake miwili.

Kisha ikaja kaseti nyingine. Tulikaa pale pale barazani, na Babu Khatib safari hii akaja bila kuitwa. Haikuanza na salamu. Ilianza na maji yanamiminwa, tukasikia kitambaa kinakamuliwa, halafu Salma anapiga kelele, "Mama, basi, yanaunguza," na Bibi anamwambia, "Geuka, sijamaliza mgongo." Mtoto akalia. Ni wa kiume, Bibi akatwambia kwenye kaseti, na jina lake ni Khatib. Mzee alisimama akaenda kutazama karafuu zake ambazo zilikuwa zimeshaanikwa vizuri tu.

Leo ndege zimebadilika. Kila kiti kina sinema yake, watu wameziba masikio, unaweza kuvuka nusu ya dunia usijibiwe salamu. Wasomi ninaokutana nao wanavilaani vile viti vya nyuma utadhani wamelazimishwa. Mimi navisifu, na nitavisifu. Ni kiti cha nyuma kilichomfikisha mama kwa mwanawe. Ni kiti cha nyuma kinachompeleka mtu wa darasa la tano China akarudi na vigae vya kumfunga mdomo injinia. Ukijua kukaa, kina nafasi ya kutosha. Kisigino, vidole. Tone la makonyo. Na uwe na kitu cha kumgawia jirani.

Mwaka jana alikuja yule Khatib mdogo, mtoto wa kaseti, sasa ni mtu mzima mwenye ndevu, kazaliwa huko kakulia huko, Kiswahili chake kinachechemea lakini kinafika. Nilimpokea Mkoani kwa gari yangu. Njia nzima alikuwa akilalamika: kaka, kile kiti nusura kiniue, sina mgongo tena. Tulipofika kwangu nikatoa ghalani kiti kimoja cha skuli, chakavu, nilichokipata nilipoipa skuli viti vipya badala ya vile vya zamani, nikakiweka uani, na changu pembeni yake. Nikamwambia kaa hapa nikuhadithie mgongo. Nikamhadithia yote, kaseti, mkaja, ndege kwa Bi Asha. Alisikiliza ameinama, akichezea kichupa cha mafuta nilichompa. Nilipomaliza nikamtania kuwa tuone kama yeye ni wa Bi Mize au wa Uingereza, akae mpaka alasiri. Akacheka, akasema atakaa.

Ulikuwa msimu, na uani kwangu napo hapakosi mtu. Akabisha hodi mzee mmoja wa Mtambile, kuja kumwona mgeni. Khatib akainuka, goti likimlia, akampa mkono, akaufunika kwa wa pili, akamuuliza hali yake na ya mama yake. Nikamwambia kaa, wewe ndiye mgeni. Akakaa. Wakaja wanawake wawili, akainuka. Akaja kijana wangu wa dukani na jasho lake, amesimama mlangoni na funguo, Khatib akamtazama usoni, akaniuliza kwa Kiswahili chake kibovu, "Huyu kala?" na kabla sijajibu kiti kilikuwa kitupu, na huko jikoni nasikia anamuuliza mke wangu sahani ziko wapi.

Nikabaki peke yangu kati ya harufu ile, ndege imeanguka, nami nimetosheka.